Kipupwe Nyanda za Juu: kuandaa nyumba kwa baridi bila kumaliza akiba

Mtu wa Tanga akisikia neno kipupwe huwaza upepo mwanana na usingizi mzuri. Mtu wa Makete huwaza vidole vilivyokufa ganzi na ndoo iliyofunga utando wa barafu alfajiri. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku usio na mawingu huku ni usiku wa sakitu. Nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma, bati juu, sakafu ya sementi, dari hakuna. Mchana jua likiwaka nyumba hiyo haina neno. Usiku inavuja joto kama pakacha.

Kosa la kwanza la wengi ni kutumia fedha ya kwanza kununua mkaa. Joto la jiko hupanda, hugusa bati, hutoka nje, na asubuhi gunia limepungua na chumba ni kile kile. Utaratibu unaolipa ni huu: ziba kwanza, tandika vizuri pili, moto uwe wa mwisho. Kama fedha ni ndogo mno, usiitapanye nyumba nzima. Chagua chumba kimoja, kile kisichopigwa na upepo, kitengeneze vizuri, na watoto na wazee walale humo Julai yote.

Aprili na Mei: tafuta nyumba inapovujia

Usisubiri baridi ifike. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu wa Juni hadi Agosti. Ukitoka, uwe umeshaanza kazi.

Saa sita mchana, siku ya jua kali, ingia chumbani, funga mlango na madirisha, kaa dakika tano macho yazoee giza. Kila mahali unapoona mwanga ni mahali joto litakapopitia. Weka alama kwa chaki. Jioni upepo ukianza, rudi na kijiti cha udi kilichowashwa, kipitishe polepole pembeni mwa fremu za mlango na dirisha na chini ya bati. Moshi ukinyooka juu, hapo pazima. Ukipinda au kukatika, pana upenyo. Usitumie mshumaa, karibu na pazia au nailoni utaanzisha jambo jingine.

Karibu kila nyumba huonyesha sehemu tatu zile zile: juu ya ukuta bati linapokalia, chini ya mlango, na madirisha.

Juu ya ukuta

Bati la migongo likilazwa juu ya ukuta huacha mashimo madogo mfululizo, moja kila mgongo. Moja moja hayatishi. Ukiyajumlisha ukuta mzima, ni kama umeacha dirisha wazi usiku kucha.

Yazibe kwa sementi kipimo 1 na mchanga 5, maji ya kutosha tu mchanganyiko ushikane ukiufinya mkononi. Sementi maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huuza kwa kilo, na kilo 5 zinaweza kutosha chumba cha mita 3 kwa 3. Lowesha tofali kwanza, la sivyo litanyonya maji yote na ziba litamomonyoka kabla ya Julai. Asiye na sementi achukue udongo wa kichuguu ndoo 3, mchanga ndoo 1, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole. Ukande, uache siku mbili ukiwa na unyevu, ukande tena ndipo upake. Udongo ukipasuka ulipokauka, maji yalizidi au nyasi zilipungua. Ongeza safu nyembamba juu yake.

Matambara na maboksi usiyasokomeze humo. Hulowa jasho la bati, huoza, na kabla ya hapo panya wameshahamia.

Acha tundu moja lisilozibwa, la upana wa kiganja, juu ya ukuta ulio mbali na kitanda. Watu wanne wakilala chumba kilichozibwa kila upande, pumzi zao hugeuka maji ukutani na baada ya wiki mbili utaona ukungu mweusi kwenye kona. Mchana jua likiwaka, fungua dirisha dakika 15 hata kama nje kuna baridi. Hewa kavu ya Julai hukausha chumba haraka.

Mlango

Tengeneza mto wa mlango. Mlango wa sentimita 90 unahitaji kitambaa kizito, jinzi iliyochakaa inafaa sana, chenye urefu wa sentimita 100 na upana wa 30. Kikunje kwa urefu, shona ubavu na ncha moja, upate mfuko mrefu mwembamba unaoingia kama lita 6. Jaza maranda sehemu tatu na mchanga mkavu sehemu moja. Mafinga na Njombe viwanda vya mbao viko kila upande na maranda aghalabu huombwa tu, hayanunuliwi. Mchanga mtupu utafanya mto wa kilo 9 ambao hakuna mtoto atakayeurudisha mahali pake akipita; maranda matupu ni mepesi, upepo huusogeza. Shona ncha ya pili, ulaze mlangoni kwa ndani.

Pembeni mwa fremu pigilia vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukingo wa mpira ukilalia mlango unapofungwa. Fundi baiskeli anazo mpira mbovu nyingi. Usivute mpira wakati wa kupigilia, utakunjamana.

Madirisha

Kioo kilichopasuka kinabadilishwa. Selotepu juu ya ufa haivuki mwezi. Dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na hata la kioo kizima, linapata nafuu kubwa likiongezewa nailoni angavu kwa ndani. Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia kati ya nailoni na kioo, kwa hiyo visigusane.

Pima fremu. Kata nailoni ikizidi sentimita 5 kila upande. Pigilia fito nyembamba za unene wa sentimita 2 kuzunguka fremu, ndizo zitakazoacha nafasi ya hewa. Nailoni ianzie juu katikati, ivutwe kuelekea pembeni, ikunjwe ukingo mara mbili ili misumari isiichane, kisha fito nyingine juu yake na misumari ya inchi moja kila baada ya sentimita 15. Ikipigapiga kama tanga usiku, haikuvutwa vya kutosha. Kila chumba kibaki na dirisha moja linalofunguka. Humo weka pazia zito linaloshuka hadi chini ya fremu, lifunguliwe asubuhi jua linapoingia na lifungwe kabla jua halijazama, si saa tatu usiku baridi ikiwa imeshaingia.

Dari ya salfeti

Hii ndiyo kazi kubwa na ndiyo yenye faida kubwa. Bati lililo chini ya anga wazi hupoa usiku kuliko hata hewa inayolizunguka. Pumzi ya waliolala hupanda, hugusa bati, hugeuka maji, na saa kumi alfajiri blanketi linadondoshewa matone. Watu huita fundi wa paa, wakidhani bati limetoboka.

Mwenye uwezo ataweka plaiwudi au jipsamu. Asiye nao ashone mifuko ya salfeti. Mfuko wa kilo 100 ukipasuliwa ubavu na kitako hutoa kama mita 1 kwa 1.2. Chumba cha mita 3 kwa 3 ni mita za mraba 9. Ukihesabu mishono na sehemu za kukunja, andaa mifuko 10. Ifue, ianike. Mfuko uliobeba mbolea au dawa ya shambani usiutumie.

1. Rekebisha bati kwanza. Msumari ulioinuka ung'olewe na upigwe wenye kofia ya mpira. Tundu dogo lizibwe kwa lami na kipande cha bati.
2. Shona mifuko kwa uzi wa nailoni na sindano ya magunia, mishono ikipandana sentimita 5.
3. Pigilia fito za inchi 2 kwa 1 chini ya kenchi, kila baada ya sentimita 60. Kati ya dari na bati pabaki angalau sentimita 20, la sivyo jasho la bati litalowesha salfeti.
4. Anza ukuta mmoja, vuta, pigilia, endelea. Watu watatu wanatosha: wawili kuvuta, mmoja na nyundo.
5. Malizia kwa fito nyembamba kuzunguka kuta zote nne. Ukiacha upenyo pembeni, joto litapita hapo hapo na kazi yote itakuwa urembo.
6. Acha mlango mdogo wa kufunua kwenye kona, wa kukagua panya na nyaya.

Salfeti inashika moto haraka na huyeyuka ikidondosha matone yanayounguza. Kwa hiyo haiwekwi jikoni, haiwekwi juu ya kibatari wala mshumaa, na nyaya za umeme zilizo uchi hutengenezwa na fundi kabla. Kuijaza maranda kwa juu ni wazo linalosikika zuri, lakini uzito utaing'oa na cheche moja itateketeza nyumba.

Sakafu na matandiko

Sakafu ya sementi hunyonya joto la mwili kupitia godoro. Anayelala chini anahitaji kitu kikavu chenye hewa kati yake na sementi: maboksi yaliyofunguliwa, tabaka tatu, kisha mkeka, kisha godoro. Kila asubuhi godoro lisimamishwe ukutani. Likiachwa limelala, unyevu hujikusanya chini yake na wiki ya tatu linanuka. Chaga za mbao za mabanzi, sentimita 15 kutoka sakafuni, ni bora zaidi.

Mablanketi manne juu na moja jembamba chini ni hesabu mbaya. Blanketi la chini hugandamizwa na uzito wa mwili na kupoteza hewa yake, kwa hiyo lililo zito litandikwe chini. Juu, lile lenye manyoya manyoya liwe karibu na mwili na lililosokotwa kwa kubana liwe la nje, kulizuilia hewa isitoroke.

Kwenye mitumba nunua Aprili au Mei, kabla kila mtu hajakumbuka sweta. Muuzaji atakwambia kila kitu ni sufu. Vuta uzi mmoja kwenye pindo, uwashe kwa kiberiti mbali na marobota. Sufu ya kondoo huungua kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kati ya vidole. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba hunuka karatasi. Polista nene nayo inafaa na hukauka upesi. Jambo ni kwamba usiilipie bei ya sufu. Kwa nguo za siku nzima, fulana ya kubana, sweta, kisha koti jepesi la kuzuia upepo vinazidi koti moja zito. Soksi za kulalia ziwe nyingine kabisa. Zile za mchana zina jasho.

Jiko la mkaa na nyumba uliyoiziba

Sasa ile hatari. Jiko la mkaa ambalo mwaka jana liliwaka chumbani na mkaamka salama, mwaka huu linaweza kuua familia nzima, kwa sababu umeziba nyumba. Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala moshi. Huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala haamki.

Watu hujiamini kwa mambo matatu, na yote ni makosa. La kwanza, kwamba mkaa ulioshika vizuri hauna madhara: moshi umekwisha, lakini hewa hiyo inaendelea kutoka kwenye kaa jekundu. La pili, kwamba kufunika makaa kwa jivu ni kinga: jivu huyafanya yawake kwa kukosa hewa, na hapo ndipo kaboni monoksidi huongezeka. La tatu, kwamba jiko likiwa chumba cha pili hakuna shida: nyumba isiyo na dari kuta zake mara nyingi huishia kwenye kenchi, na hewa hupita juu kwa juu kama mazungumzo yanavyopita.

Jiko liwashiwe nje hadi lishike. Likiingizwa, dirisha na mlango viwe wazi kidogo na watu wawe macho. Kabla ya mtu wa kwanza kulala litoke nje, na lisiwekwe chini ya dirisha la chumba. Likitoka, hakikisha limetoka na makaa yake yote. Vifaranga wanaopashwa joto kwa chungu cha mkaa walale banda lao, si chumbani kwa watoto.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, na watu kadhaa kuugua pamoja. Ukikuta hivyo, fungua kila kitu, toa watu nje kwenye hewa safi, wapelekwe hospitali hata wakisema wamepata nafuu. Aliyezimia hanyweshwi maziwa wala maji.

Hita ya umeme haina hewa hiyo, ila ya wati 2,000 hula uniti 2 kwa saa. Saa nne kila usiku ni uniti 8. Ichomekwe kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Waya wa kuunganishia hupata moto ukiwa umekunjwa chini ya zulia.

Joto la kulalia lisilo na moto

Chukua tofali la kuchoma zima, kavu, uliweke pembeni mwa moto wa jioni, si ndani yake, kwa dakika 40 hivi. Ligeuze mara moja. Likiwa tayari, tone la maji likiliangukia hukauka taratibu. Likirukaruka kwa kelele, limepita kiasi, liache lipoe kidogo. Lifunge kwenye gunia la katani, kisha kitambaa, uliweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Jiwe la mtoni usilipashe moto kamwe: lina maji ndani na hupasuka kwa kishindo.

Maji ya moto nayo yanafaa, lakini chupa nyepesi ya maji ya dukani hujikunja ikitiwa maji yanayochemka, na kifuniko huachia. Tumia galoni ndogo ya plastiki ngumu au ile chupa ya mpira ya maduka ya dawa, iingizwe kwenye soksi. Kwa mtoto mchanga usiache tofali wala chupa kitandani. Ngozi yake huungua kabla hajalia.

Maji ya kunawia asubuhi yachemshwe jioni moto ukiwa umeshawaka. Sufuria ya lita 5 yenye mfuniko iingie kwenye kikapu kilichozungushiwa blanketi kuukuu, unene wa sentimita 10 pande zote, chini na juu. Alfajiri yatakuwa vuguvugu. Kikapu hicho mchana kinaivisha maharage: yaloweke usiku, chemsha dakika 30 yakitokota kwelikweli, yaingize yakiwa bado yanatokota, yaache saa tatu hadi nne, kisha yarudishe motoni yachemke tena ndipo uunge. Sufuria iwe imejaa; ikiwa nusu, hupoa kabla maharage hayajaiva.

Kuni

Kuni zilizokatwa Aprili hazitakauka kufikia Juni, mvua ndiyo kwanza inaondoka. Za msimu huu zilipaswa kukatwa kiangazi kilichopita, Agosti hadi Oktoba. Zipasuliwe unene wa kifundo cha mkono, zipangwe juu ya magogo sentimita 20 kutoka ardhini, bati juu, pembeni wazi. Gonganisha vipande viwili: kikavu hulia, kibichi hutoa sauti ya bubu. Nyufa kwenye ncha na ganda linalobanduka ni dalili nzuri. Miwati na mikaratusi hutoa kaa la kudumu. Paini ni ya kuwashia tu. Huwaka upesi, hurusha cheche, na masizi yake huziba bomba la moshi.

Mabomba na bustani

Bomba lililolala juu ya ardhi Makete na Kitulo huganda alfajiri na hupasuka maungio. Lifukie sentimita 30, na sehemu inayoinuka kwenda kwenye koki ifungwe nyasi kavu, kisha nailoni juu yake isilowe. Jaza ndoo jioni. Likiganda, subiri jua au limwagie maji vuguvugu ukianzia upande wa koki iliyofunguliwa. Mwenge wa moto kwenye bomba la plastiki ni kununua bomba jipya.

Mboga zifunikwe jioni kwa nyasi au salfeti, zifunuliwe jua likipanda. Usiku wa hatari ni ule wa nyota nyingi bila upepo, na bondeni ni pabaya kuliko mlimani. Miche ya parachichi ya mwaka wa kwanza ijengewe kibanda cha nyasi.

Watoto wachanga na wazee

Mtoto mchanga aogeshwe saa sita mchana, akaushwe upesi, avishwe kofia. Njia bora ya kumpa joto ni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na blanketi mgongoni. Mguse tumbo, si mikono: tumbo likiwa la baridi, amelegea na hanyonyi, ni safari ya kituo cha afya muda huo huo.

Mtoto anayekohoa, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi; miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi; mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Hizo ni pumzi za haraka, huenda ni nimonia, na hazisubiri asubuhi. Mzee anayeanza kuongea ovyo au kusinzia mchana katika baridi kali naye apelekwe. Usiseme ni uzee.

Septemba

Baridi ikikatika, bandua nailoni kwa kung'oa fito badala ya kuichana, ipanguse, iviringishe kwenye mti na uiandike dirisha lake. Mablanketi yafuliwe, yaanikwe juani siku mbili, yahifadhiwe na majani makavu ya mkaratusi kupunguza nondo. Dari ya salfeti ibaki. Mchana wa Oktoba itazuia joto la bati. Kisha chukua shoka, maana kuni za mwakani zinakatwa sasa.